Mstari Uliofunikwa na Rula

Fatuma na Bahati, siku ile ya keki ya kuniaga mliniomba niandike. Keki yenyewe ilikuwa kavu, lakini ombi nimelipokea. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi: ninyi wawili ndio wa kwanza kwenye chumba kile cha maktaba kukisoma baada yangu, na mimi nimechoka kuandika ripoti kwa Kiingereza cha kuombea radhi. Mkitaka kujua nilipandishwa cheo lini, kamuulizeni mtu mwingine. Sikupandishwa mara nyingi, na hizo chache sizikumbuki. Hapa nitasema kazi.

Kazi yangu ya kwanza ya kuhesabu watu niliifanya Kigoma, nilipomaliza kidato cha nne, wakati Australia naijua kwenye ramani ya darasani tu. Walitaka vijana wenye mwandiko mzuri. Wangu ulikuwa mzuri, na hata leo msinibishie. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Sefu, mwalimu mstaafu mwenye baiskeli na sauti ya kuitia watu sala. Alitupa fomu pana kama mkeka, penseli mbili na ubao wa kuandikia, akasema, "Nyumba arobaini kwa siku. Anayeniletea thelathini na tisa asije."

Basi unafika nyumbani kwa mtu. Baba mwenye nyumba katoka mlangoni, anajibu. Jina? Anajibu. Umri? Anakisia. Umezaliwa wapi? Anataja. Unaandika. Sasa unashuka mstari wa pili, wa mke. Amezaliwa wapi? "Aa, weka hapo hapo," baba anasema, na wewe una nyumba thelathini mbele yako na jua linawaka. Unapiga vistari viwili chini ya jibu lake, maana yake "kama juu", unaendelea. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mwanamke mwenyewe alikuwapo, jikoni, hatua sita kutoka nilipokaa, nasikia anavyomenya mihogo. Sikumwita. Vistari viwili nilivipiga siku nzima mpaka kidole kikaota sugu, na Mzee Sefu alinisifu mbele za watu kwa kasi.

Likumbukeni hilo. Nitalirudia, na sitalirudia kwa kujisifu.

Sydney nilikuja nikimfuata marehemu mume wangu aliyekuwa masomoni. Nilianza Blacktown, kuwaogesha wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa, kazi ambayo wengi wetu tunaijua na sina la kuongeza isipokuwa kwamba mgongo haujasahau. Kutoka huko nikapata nafasi ya kusukuma toroli za vitabu kwenye maktaba moja Parramatta, na kutoka kwenye toroli nikaingia chumba cha historia ya familia, kwa sababu mtu aliyetakiwa aliugua na mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Ndivyo nilivyoipata kazi niliyoifanya miaka ishirini na sita.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku ya kwanza nilikwenda na kalamu ya wino. Maureen, bibi wa Kizungu aliyekuwa mkuu wa chumba, mfupi, miwani kifuani kwa uzi, aliichukua mkononi mwangu, akaitia kwenye mtungi uliojaa kalamu za wino za watu wengine, akanipa penseli. Halafu akanipa vitu vitatu: kioo cha kukuzia, rula ya plastiki ya kuona upande wa pili, na kiti kilichopinda. "Kiti utakizoea," akasema. Sikukizoea.

Maureen ndiye aliyenifundisha. Alinionyesha kwamba madaftari ya sensa ya zamani ya Uingereza, yale ambayo nusu ya wateja wetu huyajia, si karatasi zilizojazwa na watu wenyewe. Karani alikusanya karatasi za nyumba kwa nyumba, akaenda kwake akazinakili kwenye daftari kubwa, na zile za asili zikatupwa. Kwa hiyo unachosoma ni mwandiko wa mtu aliyechoka akinakili mwandiko wa mtu asiyejua kuandika. Alisema mstari mmoja ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hafungi mtu. "Usinyanyuke mpaka umeisoma nyumba nzima, Asha, mpaka kichanga cha mwisho." Hilo alilisema kila wiki kwa miaka kumi na moja, mpaka alipostaafu, na mimi nikadhani nimelishika.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya mzee mmoja wa Minto, dereva wa lori aliyestaafu, Kelvin. Mama wa babu yake alionekana kwenye sensa tatu, na kila sensa ilimpa mahali tofauti pa kuzaliwa: ya kwanza kijiji, ya pili mji, ya tatu jimbo zima. Kelvin aliamini bibi alikuwa mwongo, na nadhani ilimfurahisha kidogo. Nilikaa na kesi ile wiki mbili. Jibu nililipata kwenye treni ya Blacktown, mama mmoja Mkongomani aliponiuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Ujiji. Kabla ya hapo, kazini, nilikuwa nimemwambia mteja Tanzania. Na asubuhi kituoni, Mzungu mmoja aliponiuliza, nilimjibu "Afrika", nikaona ametosheka. Ndani ya siku moja nimezaliwa mahali patatu, wala sijadanganya. Mtu kadiri anavyokaa mbali na kwao, ndivyo kwao kunavyokua kinywani mwake. Tukapanga sensa za yule bibi kwa umbali wa nyumba alizokaa, zikakaa sawa kama vyungu. Kelvin alininunulia chokoleti, na nadhani alisikitika kidogo kumpoteza mwongo wake.

Basi nikapata jina. "Mpelekee Asha." Na mtu akishapata jina, huanza kulilinda. Hapo ndipo ninapowaleta kwenye kesi ya Monika.

Ilikuwa miaka michache iliyopita. Walikuja watu wanne kwa pamoja, wamevaa nguo za kanisani siku ya Jumanne, nikajua kuna jambo. Msichana aliitwa Neema, anatunza wazee Blacktown kama nilivyofanya mimi. Mvulana aliitwa Elia, anaendesha mashine za kupakia kwenye ghala moja Minto. Wa tatu alikuwa shangazi yake Elia, Yolanda, mama wa miraba minne mwenye mkoba mkubwa. Wa nne alikuwa babu yake Neema, Mzee Yohana, mwembamba, koti la suti, kofia mkononi.

Yolanda ndiye aliyeeleza. Vijana hawa wameposana, padri ameshatangaza ndoa yao kanisani mara ya kwanza, ukumbi umeshapatikana. Juzi wazee wa pande mbili walikaa kutajiana koo, kama inavyopasa. Elia akataja: babu yangu Petro, mtu wa Kabumba, kijiji cha kando ya ziwa upande wa Kongo. Bibi yangu Monika.

"Hapo babu akaweka chini kikombe," Neema alisema, kisha akamalizia kwa Kiingereza, kama watoto wetu wanavyofanya mambo yakiwa mazito: "And that was it, Auntie."

Nikamgeukia Mzee Yohana. Alisema kwa Kiswahili chao, polepole.

"Mama, mi nilizaliwa Kabumba. Dada yangu mukubwa alikuwaka Monika. Aliolewa pale pale kijijini, akazaa. Vita ikakuja, tukakimbia kila mutu na njia yake. Mi nilikuwaka na miaka tano. Sikumuona tena mpaka leo."

"Mumewe alikuwa nani, Mzee?"

"Nilimuita shemeji."

"Jina lake?"

"Mama, mutoto wa miaka tano hana shemeji mwenye jina. Shemeji ni shemeji."

Wazazi wake wamekufa, ndugu wengine wamekufa. Upande wa Elia, Monika alifariki kambini Yolanda akiwa mtoto mdogo, aliyezaliwa huko huko, na kaka zake Yolanda, akiwamo baba yake Elia, wote wametangulia. Hakuna aliyebaki wa kuuliza. Kama Monika wa Petro ndiye dada yake Yohana, Elia na Neema ni wajukuu wa ndugu wawili wa tumbo moja. Kwa wazee wale hiyo ni damu, na damu haioani. Padri aliweza kusema lake, lakini Neema mwenyewe alikuwa ameshasema hawezi kufunga ndoa ikiwa babu yake hataingia kanisani.

Nikamwona Elia anaiangalia sakafu. Nikamwona pia Mzee Yohana, na uso wake ulikuwa na jambo jingine kabisa. Alikuwa na tumaini. Miaka yote ile anamtafuta dada, na sasa pengine amempata, kwa bei ya harusi ya mjukuu wake. Alikuwa anaona haya kutumaini, lakini alitumaini.

Yolanda akafungua mkoba. Kambi hiyo ilikuwa makazi ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania ambako Petro na familia yake waliwahi kuhesabiwa, na jamaa aliyebaki kule alikuwa ameupiga picha ukurasa wa daftari la zamani la hesabu ya watu. Picha ilikuwa kwenye simu. Nikaichapisha kwenye karatasi kubwa, nikaiweka mezani. Daftari lilikuwa limenyeshewa wakati fulani. Safu ya mahali pa kuzaliwa ilikuwa na doa la maji la rangi ya chai. Mstari wa Petro ulisomeka: Kabumba. Mstari wa Monika, chini yake, ulikuwa umevimba wino, kitu kidogo tu, hujui ni herufi, ni alama au ni uchafu.

Niliwaambia warudi baada ya siku mbili, kisha nikajifungia na ule mstari. Nikaweka rula chini yake, kama tulivyozoea, ili jicho lisiteleze. Nikatumia kioo. Nikaongeza mwanga kwenye kompyuta, nikapunguza, nikaigeuza picha ikawa nyeupe juu ya nyeusi. Siku ya pili mchana nikaviona: vistari viwili, vimesimama, kimoja kirefu kidogo. Kama juu. Ningevitambua usingizini, maana nilivipiga mimi mwenyewe siku nzima nilipokuwa msichana. Jamani, nilifurahi! Nilijipongeza kwa sauti chumbani peke yangu.

Waliporudi niliwaambia kama hakimu. "Ni Kabumba. Hapa, tazameni. Bibi yako Elia alizaliwa Kabumba."

 Mzee Yohana akalia, mkono juu ya macho, mabega yanatikisika. "Monika," akasema. "Monika wangu." Neema akatoka nje. Elia akamfuata mpaka mlangoni, akasimama hapo, akaonekana hajui kama bado ana ruhusa ya kumfuata. Yolanda akatoa kwenye mkoba picha ndogo yenye kona zilizoliwa, mwanamke amesimama mbele ya nyumba ya udongo, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili. Ilikuwa picha pekee ya mama yake. Mzee Yohana akaitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akanishukuru mpaka nikaona aibu. Ningeona aibu zaidi kama ningejua.

Wiki tatu zikapita. Harusi ilisimamishwa. Mzee alisomesha misa ya marehemu kwa dada yake, na watu wa Blacktown walijaa, kwa sababu sisi kwenye msiba hatuhitaji kualikwa mara mbili. Nilisikia kwamba Neema amehamia zamu za usiku ili asikutane na mtu, na kwamba Elia ameacha kwaya. Nilisikitika, lakini nilisikitika kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Ukweli ni ukweli, nikajiambia. Mjuaji haishiwi maneno.

Binti yangu Zuhura anaishi Melbourne na mumewe. Wakati huo alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na miezi ilipokaribia alikuja kwangu Blacktown, mabegi manne, kama mtu anayehama nchi. Jirani yangu, mama wa Kifiji aliye mwema na mdadisi, alinikuta napandisha mabegi ngazini akauliza, "Lakini mume yuko Melbourne, hospitali iko Melbourne, kwa nini azalie huku?"

"Aa," nikamjibu, "mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Ndivyo tulivyo. Kifunguamimba mwanamke anakwenda kujifungulia kwao."

Begi nikaliachia hapo hapo. Likateremka ngazi nne. Zuhura akapiga kelele, "Mama! Umeumia?"

Nilikuwa nimeumia, ila si mguu.

Siku iliyofuata nilifika Parramatta kabla mlango haujafunguliwa. Nikatoa karatasi ile kwenye jalada. Na rula ilikuwa bado imebanwa pale pale, chini ya mstari wa Monika, mahali nilipoiacha wiki tatu kabla. Rula yetu ni ya plastiki ya kuona, lakini ina gundi ya zamani, alama za kalamu na kibandiko cha jina la Maureen katikati. Nikaiondoa.

Chini yake kulikuwa na watoto wa Petro. Watoto waliulizwa mmoja mmoja, kwa sababu ofisi ya makazi ilitaka kujua nani amezaliwa nje na nani amezaliwa pale, na karani hakuweza kuwakwepa kwa vistari. Mtoto wa pili, Kabumba. Wa tatu, Kabumba. Yolanda, kichanga, hapo makazini. Na wa kwanza kabisa, aliyekuwa amekaa chini ya kibandiko cha Maureen, yeye alizaliwa Rutunga. Rutunga ni mlima upande wa Burundi, kule ambako kijiji huitwa mlima, mbali na Kabumba, unavuka mpaka.

Sasa fikirini nami. Mwanamke anaishi na mumewe Kabumba. Ana mimba ya kwanza. Kama kwao ni Kabumba, mama yake yuko nyumba ya pili. Angejifungua kwa mama yake akarudi kwake jioni na uji. Asingevuka mpaka na tumbo la miezi minane kwenda kuzalia kwenye mlima usio wake. Amekwenda Rutunga kwa sababu mama yake alikuwa Rutunga. Na vile vistari viwili kwenye mstari wake? Petro amesimama mlangoni, karani ana nyumba arobaini, "weka hapo hapo", na Monika yuko jikoni. Hakuulizwa. Nilijua hakuulizwa, kwa sababu na mimi sikuwauliza wake za watu Kigoma, na nilisifiwa kwa hilo.

Nilikaa kwenye kiti kilichopinda nikalia kidogo. Kisha nikanawa uso na kumpigia simu Elia, kwa sababu shahidi mmoja hafungi mtu na sikutaka kukosea mara mbili.

"Usimwambie mtu yeyote," nikamwambia. "Unamjua mtu wa Rutunga?"

Mashine zinalia nyuma yake. "Kazini kuna Mrundi, Auntie. Kaka yake ni mwalimu upande ule."

"Mwambie huyo kaka yake aende parokiani akaombe daftari la ubatizo. Monika. Na asome pembeni ya ukurasa, usisahau, pembeni."

Hapo nawafundisha kazi: padri anapomfungisha mtu ndoa, habari hutumwa parokia alikobatizwa, na huandikwa ubavuni mwa jina lake. Siku kumi na mbili baadaye picha ilifika kwenye simu yangu, safi, mwandiko wa mtu asiye na haraka. Monika, amezaliwa Rutunga, majina ya baba na mama, Warundi wa mlima ule. Na pembeni, kwa wino mwingine: ameolewa na Petro, wa Kabumba.

Niliwaita wote wanne. Nilitandaza karatasi zote mbili mezani, bila rula. Nikaanza na langu.

"Nilikosea. Nilisoma mstari mmoja nikauacha ukurasa. Kosa ni langu, si la daftari." Nikawaeleza mtoto wa kwanza, Rutunga, ubatizo, pembeni ya ukurasa. Nilipokuwa nasema, Neema alikuwa anamwangalia Elia na Elia anamwangalia Neema, na mimi nikaona heri nisiwatazame. Yolanda alisema, "Bwana asifiwe," kisha akaona uso wa Mzee Yohana, akanyamaza.

Mzee alikuwa ameelewa mapema kuliko wote. Alitoa ile picha mfukoni. Alikuwa ameitia kwenye bahasha ya plastiki. Akaitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo huyu haiko dada yangu."

"Si dada yako, Mzee. Nisamehe."

"Nimemusomeshea misa."

"Misa haipotei, Mzee."

Alitikisa kichwa, sijui kama alikubali au alinihurumia. Akampa Elia picha, kwa mikono miwili kama alivyopewa. "Shika bibi yako, mutoto. Ni muzuri. Nilimupenda wiki hizi." Halafu akamgeukia Neema. "Muoane. Nitaingia kanisani, nitakaa mbele." Neema akamkumbatia, analia na kucheka, akimwambia asante babu, asante babu, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akichanganya Kiingereza.

Nilidhani tumemaliza. Nilianza kukusanya karatasi. Mzee alibaki amekaa, kofia magotini. Wenzake walikuwa wamefika kwenye lifti.

"Na wangu, Mama?" akauliza. "Wangu iko wapi?"

Harusi ilifungwa Blacktown, nilikula pilau yao, na Mzee Yohana alikaa mbele kama alivyosema. Jumanne iliyofuata alikuja maktaba kwa treni, koti la suti, akakaa. Amekuja kila Jumanne tangu hapo.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hili ndilo lililonifanya nishike penseli. Rula nimewaachia kwenye droo ya chini. Kibandiko cha Maureen nimekibandua, kwa heshima zote. Kioo ni chenu. Kiti kichomeni. Na kwenye kabati, rafu ya pili, kuna jalada jembamba lenye jina Monika wa Kabumba. Ndani yake kuna karatasi moja, kwa sababu tunachokijua kinaenea karatasi moja: alizaliwa Kabumba, aliolewa pale pale, alikuwa na watoto, ana mdogo wake anayeitwa Yohana.

Jamaa yake Yolanda kule makazini ameendelea kutupigia picha daftari lote, kurasa kumi, kumi na tano kwa mwezi, mtandao ukiruhusu. Msimtafute Monika kwenye mstari wa Monika. Huko mtakuta vistari viwili tu, na mume ambaye hatumjui jina. Monika ni wengi, na wanawake walikuwa jikoni. Shukeni mstari mmoja chini. Tafuteni nyumba yenye mama Monika ambayo kifunguamimba wake amezaliwa Kabumba, hata kama baba anatoka kwingine. Mkiipata, msimwambie mzee kwanza. Tafuteni shahidi wa pili.

Na akija Jumanne, msimwambie "tunaendelea vizuri, Mzee." Neno hilo hospitali zimelichosha. Mpeni kiti kizima, chai ya maziwa, sukari tatu, na mwambieni mmefika ukurasa wa ngapi. Hilo ndilo analokuja kulisikia. Siku yangu ya mwisho nilimwambia mia mbili na kumi na moja. Akalirudia polepole, akavaa kofia, akaenda kupanda treni.